Roho Iliyojeruhiwa si Makao ya Shetani

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanaparokia na wageni katika siku za matayarisho ya Jubilei





Katika siku hizi za Jubilei tumesikia hesabu nyingi za furaha: watu waliobatizwa, ndoa zilizobarikiwa, vijana wetu waliotoka hapa wakaenda seminari au utawani. Tunamshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini sisi tuliokabidhiwa huduma ya wagonjwa tunayo hesabu nyingine, ambayo haikuandikwa katika kitabu cho chote cha parokia. Ni hesabu ya watu waliogonga usiku mlango wa nyumba ya mapadri wakisema: «Padri, njoo upesi, mtoto wetu ameingiwa na pepo.» Ni hesabu ya akina mama waliotuambia: «Kuna kitu kinanikaa kifuani, hakika nimelogwa.» Na wengine hawakuja kwetu. Walikwenda gizani kwa mfumu, kisha siku ya Dominika wakapiga magoti pamoja nasi. Tungeikosea kweli kama tungeadhimisha miaka hamsini bila kusema neno juu ya machozi hayo.

Kwa hiyo tumeombwa kuwaeleza mafundisho ya Eklezia juu ya nguvu za shetani, juu ya mateso ya moyo, na juu ya uponyaji. Sisi si wataalamu wa teolojia. Tu watumishi tu. Neno tunalotaka mrudi nalo nyumbani ni moja: tusimkane shetani kana kwamba hayuko, lakini pia tusimpe kwa mikono yetu wale ambao ni mali ya Mungu.

I. Eklezia inasadiki nini

Eklezia inasadiki kwamba shetani yuko. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba Mungu aliwaumba malaika wote wema, na kwamba mashetani waligeuka wabaya kwa kutaka kwao wenyewe. Basi shetani si mungu wa pili anayeshindana na Mungu kama mfalme na mfalme. Yeye ni kiumbe, na Bwana wetu amekwisha kumshinda msalabani. Siku ya ubatizo wetu tulimkataa, na padri alituombea tuokolewe kutoka nguvu zake. Mkristu anayeishi kwa kuogopa walozi mchana na usiku amesahau siku ile.

Kazi ya kila siku ya shetani ni kishawishi. Anatushawishi tuseme uwongo, tuibe, tumchukie jirani, tukate tamaa. Katika kazi hiyo haonekani, wala hapigi kelele. Kumtawala mtu hata viungo na sauti yake ni jambo lingine, tena si jambo la kawaida. Mtakatifu Matayo, katika sura ya 4, anataja watu wa namna nyingi walioletwa mbele ya Yezu: wenye pepo, na wenye kifafa, na waliopooza. Hakuwachanganya wote pamoja. Kama mwanafunzi wa Bwana alijua kupambanua, na sisi pia yatupasa kujifunza kupambanua.

Kwa sababu hiyo Eklezia imeweka ulinzi. Kitabu cha madhehebu ya Kiroma cha mwaka 1614 kilimwonya padri, kabla ya neno jingine lo lote, asisadiki kwa urahisi kwamba mtu amepagawa. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983, kanuni ya 1172, inakataza mtu ye yote kufanya ibada ya kufukuza pepo juu ya aliyepagawa bila ruhusa wazi ya Askofu. Na Askofu humpa ruhusa hiyo padri tu, aliye na ibada, elimu, busara na mwenendo safi. Tarehe 29 Septemba 1985, barua ya Roma kwa Maaskofu wote iliwakumbusha kwamba, katika mikutano ya sala, watu wasio na ruhusa wasimsemeshe pepo wala wasimtafute jina. Na Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1673, inafundisha kwamba ugonjwa, hasa ugonjwa wa akili, ni jambo la namna nyingine kabisa, na kuutibu ni kazi ya waganga wa hospitali. Kabla ya ibada hiyo sharti kuhakikisha kwamba si ugonjwa.

Mapokeo yanataja alama chache: mtu kusema kwa urefu lugha ambayo hakujifunza kamwe, kujua mambo ya mbali yaliyofichika, kuonyesha nguvu zinazopita umri na mwili wake, na pamoja na hayo kuchukia vikali mambo matakatifu. Hata hizo hupimwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini kulia usiku, kuota ndoto mbaya, kuanguka na kutoka povu, kukataa chakula, kukaa kimya juma zima, kusikia sauti ya aliyekufa: hizo si alama za pepo. Mara nyingi ni alama za mtu anayeumwa.

II. Kosa letu wenyewe

Hatusemi haya ili kuwahukumu wengine. Sisi wenyewe tulikosa, na katika mwaka wa Jubilei ni vema tuungame.

Palikuwa na mama mmoja wa jumuiya yetu ambaye, katika vita vya mwaka 1996, alikimbilia porini pamoja na watoto wake. Wawili walimfia njiani. Miaka ilipita, alilima, aliuza unga sokoni, aliimba Misani kama sisi wote. Halafu alianza kuamka usiku na kuzungumza na wale watoto. Aliacha shamba. Siku moja, wakati wa Misa, ngoma zilipopigwa kwa nguvu, alianguka chini akipiga yowe na kutambaa chini ya benchi. Sisi tuliokuwapo tulisema mara moja: ni pepo.

Tulikwenda nyumbani kwake usiku saba. Tulimwekea mikono, tulipaza sauti, tulimwamuru pepo ataje jina lake. Tulimfungisha chakula siku tatu, naye alikuwa amekonda tayari. Usiku wa saba, alipochoka kabisa, alitupa jina tulilolitaka: alimtaja mama mkwe wake. Asubuhi yake bibi yule mzee alifukuzwa katika nyumba aliyoijenga na marehemu mume wake, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kumtetea.

Ndipo alikuja katekista mmoja mzee, na mke wake nyuma yake amechukua sufuria ya uji. Hakuomba sala ndefu. Alingoja mama anywe, kisha akamwuliza kwa upole: «Mama, watoto wako waliitwa nani?» Mama alitaja majina mawili. «Mliwazika wapi?» Hakuweza kujibu, kwa maana hawakuzikwa. Wenye kukimbia risasi hawakupata nafasi ya kuchimba kaburi. Alilia mpaka jogoo alipowika, na mke wa katekista alilia pamoja naye.

Juma lile Padri aliwasomea Misa watoto wale wawili kwa majina yao. Sista muuguzi alimpeleka mama hospitalini, akapewa dawa za kumsaidia kulala, na baada ya miezi kadhaa alirudi shambani kwake. Hapo tulifahamu kwamba sauti ya ngoma ilikuwa imemrudisha katika sauti ya bunduki. Moyo uliojeruhiwa unakumbuka hata pale ulimi unaponyamaza.

Na mama mkwe? Alirudishwa nyumbani, lakini alikuwa amekwisha kukaa misimu miwili ya mvua katika nyumba ya watu wengine. Mwaka uliofuata alifariki. Hatukuwahi kumwomba msamaha mbele ya watu. Tunamwomba leo, mbele yenu na mbele ya Mungu anayemjua kwa jina.

III. Mateso ya moyo si dhambi wala aibu

Kwa nini tulikimbilia kusema ni pepo? Kwa sababu tulifikiri kwamba Mkristu mwema hawezi kuvunjika moyo. Lakini Maandiko Matakatifu yanatufundisha namna nyingine. Nabii Elia, baada ya kumtumikia Mungu kwa nguvu nyingi, alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Mungu alimtumaje malaika wake? Hakumtuma kumfukuza pepo. Alimtuma na mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Yobu alilaani siku ya kuzaliwa kwake, na rafiki zake walimwambia kwamba bila shaka alitenda dhambi. Mwishoni Mungu aliwakemea rafiki, si Yobu. Na Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe, katika shamba la Getsemani, aliwaambia wanafunzi wake kwamba roho yake ilikuwa na huzuni kiasi cha kufa. Nani atathubutu kusema kwamba huzuni ile ilikuwa ya shetani?

Mtu atatuuliza: Je, kijana yule wa Evanjili ya Marko, sura ya 9, hakuanguka na kutoka povu kama mwenye kifafa, na Yezu hakumfukuza pepo? Ndiyo, alimfukuza, nasi tunasadiki. Lakini Yezu aliona kwa macho ambayo sisi hatuna. Tena tutazame namna alivyofanya. Alimwuliza baba tangu lini mtoto alianza kuteswa. Hakumtafuta bibi wala shangazi wa kumlaumu. Mwishoni alimshika kijana mkono akamsimamisha. Baba yule alieleza pia kwamba mara nyingi mtoto alianguka motoni. Hata sisi tumeona katika vijiji vyetu watoto wenye makovu ya moto, kwa sababu wazazi waliambiwa katika chumba cha maombi kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Kifafa kina dawa. Anayemnyima mtoto dawa ile kwa jina la Yezu hamfuati Yezu.

Tuwakumbuke pia watakatifu wa nyumba moja, nyumba ya Martin wa Lisieux, katika Ufaransa. Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yezu alishikwa na ugonjwa wa ajabu mwaka 1883, akiwa na miaka 10. Alitetemeka, aliogopa, alisema maneno yasiyoeleweka. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliona mkono wa shetani katika ugonjwa ule. Lakini baba yake alifanya nini? Alimwita mganga, na papo hapo aliomba Misa zisomwe. Tarehe 13 Mei mtoto alipona mbele ya sanamu ya Bikira Maria.

Baba huyo, Louis Martin, aliugua akili katika uzee wake. Tangu mwaka 1889 mpaka mwaka 1892 alikaa katika hospitali ya wenye wazimu katika mji wa Caen. Binti zake walimwombea sana, lakini hakupata kupona kama Theresia alivyopona. Na majirani walisema, kama majirani wanavyosema kila mahali: walisema ni kosa la binti zake walioingia utawani. Hata hivyo, tarehe 18 Oktoba 2015, Papa Fransisko alimtangaza kuwa Mtakatifu, pamoja na mke wake Zélie. Basi tujue: mmoja aliponywa mbele ya wote, mwingine hakuponywa, na wote wawili ni watakatifu. Kupona si cheti cha imani, na kutokupona si ushahidi wa dhambi.

IV. Mshitaki ni nani

Katika lugha ya Maandiko, jina la Shetani maana yake ni mpinzani na mshitaki. Kitabu cha Ufunuo, sura ya 12, kinamwita mshitaki wa ndugu zetu. Tulitafakari jambo hili. Wakati tulipokuwa tukitafuta shetani ndani ya mama yule mgonjwa, kazi ya mshitaki ilikuwa ikifanywa na sisi wenyewe, tuliosimama tukizunguka kitanda chake. Tulimfanya mgonjwa kuwa shahidi wa uwongo, na mjane kuwa mkimbizi.

Leo wanaoshitakiwa zaidi ni wazee wasio na mtetezi na watoto: mtoto yatima, mtoto anayekojoa kitandani, mtoto mkaidi, mtoto mlemavu. Mvua ikikosa, kazi ikipotea, mtu akifa, wanaambiwa: ni ninyi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mlozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inamwadhibu mwenye kufanya hivyo kwa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3. Lakini hata kama sheria ya serikali isingekuwapo, amri ya nane ya Mungu ingetutosha.

V. Njia ya uponyaji

Basi tufanye nini mgonjwa wa moyo akija kwetu? Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humfichua. Tusimfiche, wala tusimkimbize usiku toka mlango hata mlango.

Kwanza, tumsikilize. Tumwulize kama analala, kama anakula, amempoteza nani, nani anampiga nyumbani. Maswali haya si ya kipagani. Ni maswali ya malaika wa Elia.

Pili, tumpeleke kwa mganga wa hospitali. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu mganga, kwa maana Mungu ndiye aliyemweka, na dawa zimetoka katika ardhi aliyoiumba Mungu. Eklezia haikuanza leo kufanya kazi hiyo. Mwaka 1815, katika mji wa Gent, nchi ya Ubelgiji, Kanoni Petrus Jozef Triest na Mafrera wa Karitas aliowaanzisha mwaka 1807 waliingia katika jumba la mawe linaloitwa kwa jina la Gerard Shetani. Katika vyumba vya chini walikuta watu wenye wazimu wamefungwa minyororo. Jumba lilikuwa na jina la shetani, lakini ndani hawakuwamo mashetani: walikuwamo wagonjwa. Mafrera waliwafungua minyororo na kuwatunza. Mafrera hao hao wamewatunza wagonjwa wa akili hapa Kivu, katika kituo cha SOSAME, Bukavu. Mkristu anayempeleka ndugu yake huko hajaacha imani. Anafuata njia ambayo Eklezia yenyewe ilifungua.

Tatu, tusali pamoja naye. Uponyaji wa roho si maneno matupu. Katika Kitubio Yezu anaondoa mzigo wa dhambi. Katika Mpako wa wagonjwa, kadiri ya fundisho la Mtakatifu Yakobo, anamtia nguvu na kumwinua. Katika Ekaristia anamlisha kwa Mwili wake. Kila Mkristu anaweza kumwombea mgonjwa apone, na Roma ilithibitisha hivyo katika maagizo ya tarehe 14 Septemba 2000. Lakini maagizo hayo hayo yanataka sala ifanywe kwa utulivu, bila vishindo na bila maonyesho ya kustaajabisha watu. Sala haiuzwi. Anayedai mbuzi au dola ili afukuze pepo ni mfanya biashara.

Nne, padri akiona, baada ya uchunguzi wote, kwamba kuna jambo linalopita ugonjwa, atamwarifu Baba Askofu. Hapo Eklezia ina ibada yake, iliyotengenezwa upya mwaka 1998. Hakuna haja ya mtu mwingine kujitwalia kazi hiyo.

VI. Maazimio ya Jubilei

Ili maneno haya yasibaki katika kitabu hiki tu, halmashauri ya parokia imekubali mambo matano. Hakuna mtu atakayetajwa kuwa mlozi katika jumuiya, katika kikundi cha sala wala katika matanga; anayeshitakiwa atalindwa na jumuiya yake. Hakuna mgonjwa atakayefungwa kamba, kupigwa, kunyimwa chakula au kunyang'anywa dawa kwa jina la sala. Kila jumuiya itachagua watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye masikio ya kusikia na kinywa cha kutunza siri, wawatembelee wenye huzuni. Kila mwaka, katika mwezi wa Novemba, tutasoma Misa moja kwa ajili ya marehemu wetu waliokufa vitani bila kuzikwa, na majina yao yatasomwa moja moja, hata kama Misa itakuwa ndefu. Tena kikundi chetu cha sala kitaendelea, kwa sababu tunakihitaji. Lakini kitasali pamoja na muuguzi, si mahali pa muuguzi.

Wapendwa, yule mama yuko kati yetu leo. Ametupa ruhusa kusimulia habari zake, ila bila jina. Alituomba tuongeze neno moja tu: kwamba katika usiku ule saba aliogopa sauti zetu kuliko sauti zilizokuwa zikimsumbua. Tulilipokea neno hilo kama kitubio chetu, na tunaliweka mbele yenu ili lisihitaji kusemwa tena na mgonjwa mwingine katika miaka hamsini ijayo.

Ee Bwana Yezu Kristu, uliyewafukuza pepo na kuwashika mkono wagonjwa, utujalie kutambua tofauti. Uwape raha marehemu wetu wasio na kaburi. Uwalinde watoto na wazee wanaoshitakiwa bure. Utusamehe sisi tuliokuwa wepesi kutoa hukumu na wazito kuleta uji. Na Mama yako Maria, aliyesimama chini ya msalaba asiondoke, atufundishe kukaa karibu na wanaoteseka. Amina.